Kuhifadhi Nakala za Faili Zilizobadilika Karibuni kwa Zana za Mstari wa Amri: Istilahi, Tahajia na Usalama wa Data za Kiswahili

Ikisiri

Utafiti wa isimu na fasihi ya Kiswahili unazidi kutegemea data za kidijitali: rekodi za uwandani, unukuzi, picha za miswada na kongoo. Data hizo hubadilika kila siku, na kila badiliko lisilonakiliwa limo hatarini kupotea. Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza nakala akiba za faili zilizobadilika karibuni kwa kutumia zana mbili za mstari wa amri, yaani tar na find. Mambo matatu yanajadiliwa kwa kina: maana ya “karibuni” kwa mujibu wa kompyuta, athari ya alama ya ritifaa katika majina ya faili ya Kiswahili, na uhusiano baina ya nakala kamili na nakala za nyongeza. Makala yanahitimisha kwamba makosa mengi katika kazi hii hayatokani na udhaifu wa zana, bali na tofauti iliyopo baina ya lugha ya mtafiti na lugha ya amri, na kwamba tofauti hiyo inaweza kuelezwa na kuzibwa kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kunakili ili kuhifadhi si jambo geni katika taaluma ya Kiswahili. Sehemu kubwa ya ushairi wa kale imetufikia kwa sababu kulikuwa na watu walioketi na kunakili. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, kwa mfano, zilikusanywa na kuandikwa katika karne ya 19 kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor, wakati ambapo waliozikumbuka walikuwa bado hai. Diwani iliyohaririwa na William Hichens ilichapishwa mwaka 1940, takriban miaka mia moja baada ya mshairi kufariki. Bila ya nakala za katikati, mhariri asingekuwa na la kuhariri.

Mtafiti wa leo yumo katika hali inayofanana na hiyo, ingawa vyombo vimebadilika. Rekodi ya mzee aliyesimulia ngano, ikipotea baada ya msimulizi kufariki, hairudiwi. Unukuzi wa saa moja ya mazungumzo huweza kuchukua siku kadhaa za kazi. Ukipotea, huweza kurudiwa iwapo sauti ipo, lakini muda uliotumika haurudi. Kompyuta huibwa, diski huharibika, flashi husahaulika katika gari la abiria, na majengo huungua. Moto uliozuka tarehe 18 Aprili 2021 katika Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town uliteketeza sehemu ya makusanyo ya taaluma za Afrika yaliyokuwa yamekusanywa kwa miongo mingi.

Watafiti wengi hufahamu hatari hizi na hujitahidi kunakili folda zao mara kwa mara. Tatizo ni kwamba kunakili kila kitu kila siku ni kazi nzito. Rekodi ya sauti ya chaneli mbili, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli, hutumia baiti 288,000 kwa sekunde, sawa na takriban gigabaiti 1.04 kwa saa moja. Mkusanyiko wa saa 40 hukaribia gigabaiti 42. Mtafiti anayehariri faili kumi za unukuzi kwa siku hana sababu ya kunakili upya gigabaiti hizo zote kila jioni. Anachohitaji ni njia ya kuiambia kompyuta: “Chukua vilivyobadilika tu.” Makala haya yanachunguza sentensi hiyo fupi na namna inavyotafsiriwa kuwa amri.

2.0 Istilahi: Hifadhi, Chelezo na Nakala Akiba

Kabla ya kuingia katika amri zenyewe, ni muhimu kubainisha istilahi, kwa kuwa mkanganyiko wa istilahi huzaa mkanganyiko wa utendaji. Kitenzi “hifadhi” katika programu nyingi zilizosanifishwa kwa Kiswahili hutumika kwa tendo la kuandika kazi katika diski ili isipotee mtumiaji anapofunga programu. Kitenzi hichohicho hutumika pia kwa tendo la kutengeneza nakala ya pili, na katika taaluma ya maktaba hutumika kwa utunzaji wa muda mrefu. Matendo haya matatu hayafanani. Mwanafunzi anayesema “nimehifadhi tasnifu yangu” huenda anamaanisha tu kwamba amebonyeza kitufe, ilhali tasnifu ipo mahali pamoja.

Neno “chelezo” limependekezwa na hutumika katika baadhi ya maandishi ya kompyuta kwa maana ya nakala ya pili. Kimofolojia, neno hili limetokana na kitenzi “elea” katika umbo lake la utendeshi “eleza”, yaani kufanya kitu kielee, likiongezwa kiambishi ki-, ambacho hubadilika kuwa ch- kabla ya irabu, na kiishio -o. Maana yake ya awali ni kitu cha kuelea, kama boya. Sitiari hii inafaa: chombo kikizama, chelezo hubaki juu. Hata hivyo, mnyambuliko huo una homonimu yake katika “eleza” kwa maana ya kufafanua, na wasomaji wasio wa pwani mara nyingi hawaoni uhusiano wake na bahari. “Nakala rudufu” nayo husisitiza ufanano wa nakala mbili, si lengo la nakala ya pili.

Makala haya yanatumia “nakala akiba”, kwa sababu neno “akiba” linabeba wazo la kitu kilichowekwa kando kwa ajili ya siku ya dhiki, ambacho hakiguswi katika matumizi ya kawaida. Aidha, “kifurushi” kitatumika kwa faili moja iliyokusanya faili nyingi ndani yake, na “saraka” kwa mahali faili zinapowekwa, yaani folda. “Kubana” ni kupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza maudhui yake.

Suala la istilahi lina uzito zaidi katika mstari wa amri kuliko katika programu zenye menyu. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionesha kwamba menyu na ujumbe wa programu vinaweza kusemwa kwa Kiswahili. Majina ya amri, hata hivyo, hayatafsiriwi. Hubaki kama yalivyo katika kila lugha. Kinachoweza kutafsiriwa ni maelezo ya kile ambacho amri inafanya, na hapo ndipo penye upungufu.

3.0 Zana Mbili

Zana ya kwanza ni tar. Ilitokea katika toleo la saba la mfumo endeshi wa Unix mwaka 1979, na jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kumbukumbu za tepu, kwa kuwa wakati huo nakala akiba ziliwekwa katika tepu za sumaku. Kazi yake ni kuchukua faili nyingi na kuzipanga mfululizo ndani ya kifurushi kimoja. Kila faili hutanguliwa na kichwa chenye baiti 512, kinachotaja jina lake, ukubwa wake, mwenye faili na wakati ilipobadilishwa mara ya mwisho. Baada ya kichwa hufuata maudhui ya faili, yakijazwa hadi kufikia kizidishi cha 512. Kwa lugha ya maktaba, tar haipangi vitabu tu katika sanduku. Hubandika pia kadi ya katalogi mbele ya kila kitabu.

Ni muhimu kufahamu kwamba tar yenyewe haibani. Herufi z katika amri huiagiza ikabidhi kifurushi kwa gzip, ambayo ndiyo hubana. Faili za matini hubanwa vizuri. Rekodi za sauti zisizobanwa hupungua kidogo. Picha za JPEG na sauti za MP3 hazipungui kwa kiasi cha maana, kwa kuwa tayari zimebanwa.

Zana ya pili ni find. Hii hupita katika saraka na saraka zilizomo ndani yake, ikilinganisha kila faili na masharti iliyopewa, kisha hutaja majina ya faili zilizotimiza masharti hayo. Kwa hiyo find ni mtafutaji na tar ni mfungaji. Amri ifuatayo inaunganisha kazi zao:

find matini sauti -type f -mtime -1 -print0 | tar -czf leo.tar.gz --null -T -

Amri hii inasomeka hivi: katika saraka za “matini” na “sauti”, tafuta vitu ambavyo ni faili na ambavyo maudhui yake yamebadilika katika saa 24 zilizopita, yapeleke majina yake kwa tar, nayo itengeneze kifurushi kilichobanwa kiitwacho leo.tar.gz. Sharti la “-type f” si pambo. Bila hilo, find hutaja pia saraka ambazo orodha yake imebadilika, na tar ikipewa jina la saraka hufunga kila kilichomo ndani yake, kipya na cha zamani. Faili moja ikiongezwa katika saraka yenye gigabaiti 40, kifurushi cha “mabadiliko ya leo” kitakuwa na gigabaiti zote 40.

4.0 Maana ya “Karibuni”

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, “leo”, “jana” na “juzi” ni siku zinazotenganishwa na usiku. Kwa wengi wanaofuata hesabu ya jadi na ya Kiislamu, siku mpya huanza jua linapozama. Ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa huitwa usiku wa Ijumaa. Kwa find, siku haina macheo wala machweo. Ni fungu la saa 24 linalohesabiwa kurudi nyuma kuanzia dakika ambayo amri imetolewa, na sehemu yoyote isiyotimiza saa 24 hudondoshwa. Hivyo “-mtime -1” ni chini ya saa 24, “-mtime 1” ni kati ya saa 24 na 48, na “-mtime +1” si zaidi ya siku moja kama inavyodhaniwa, bali ni kuanzia saa 48 na kuendelea.

Athari ya hesabu hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ichukuliwe kwamba mtafiti alitoa amri ya hapo juu Jumatatu saa 2 usiku, kisha akaendelea kuhariri hadi saa 2 na nusu. Jumanne akachelewa na kutoa amri hiyo saa 3 usiku. Kifurushi cha Jumatatu kinakomea saa 2; kifurushi cha Jumanne kinaanzia saa 3 usiku wa Jumatatu. Kazi ya nusu saa haimo katika kifurushi chochote, na hakuna ujumbe wa kosa uliotolewa, kwa kuwa kila amri imefanya ilichoambiwa. Umeme ukikatika na siku moja ikarukwa, pengo huwa la siku nzima.

Suluhisho ni kuacha kuuliza “ni nini kimebadilika tangu jana?” na badala yake kuuliza “ni nini kimebadilika tangu nakala iliyopita?” Hili hufanyika kwa faili ndogo ya alama, isiyo na maudhui, ambayo wakati wake ndio ushahidi wa lini nakala ilichukuliwa:

touch .alama-mpya
find matini sauti -type f -newer .alama -print0 | tar -czf akiba/2025-03-14.tar.gz --null -T - && mv .alama-mpya .alama

Mpangilio wa hatua una sababu. Alama mpya huwekwa kabla ya kutafuta, si baada yake, ili faili itakayobadilishwa wakati kazi inaendelea ichukuliwe katika awamu inayofuata. Kurudia faili moja katika vifurushi viwili hakuna madhara. Kuiruka kuna madhara. Alama mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani iwapo tu tar imemaliza salama; ndiyo kazi ya alama “&&”. Mwanzoni kabisa, alama ya kwanza huwekwa kabla ya nakala kamili ya kwanza kutengenezwa.

Lipo tatizo jingine la wakati linalowahusu hasa watafiti wa uwandani. Wakati unaotazamwa na “-mtime” na “-newer” ni ule wa kubadilika kwa maudhui, nao unaweza kusafiri pamoja na faili. Kinasa sauti ambacho saa yake haikurekebishwa baada ya kubadilishwa betri huweza kuipa rekodi ya leo tarehe ya miaka mingi iliyopita. Rekodi hiyo ikihamishiwa katika kompyuta kwa njia inayotunza tarehe, au ikifunguliwa kutoka katika kifurushi kilichotumwa na mwenzake, huingia katika saraka ikiwa mpya kwa mtafiti lakini ya kale kwa find. Mfumo wa Unix hutunza wakati wa pili, ctime, unaoonesha lini taarifa za faili ziliguswa katika diski hiyo. Huu hauwezi kupangwa kwa amri za kawaida, na faili inapoingia katika diski hupata ctime ya wakati huo. Kwa hiyo, kubadili “-newer” kuwa “-cnewer” katika amri ya hapo juu huzinasa pia faili zilizowasili na tarehe za zamani. Gharama yake ni kwamba baadhi ya faili ambazo ruhusa zake tu zimebadilishwa nazo zitanakiliwa. Gharama hiyo ni ndogo.

5.0 Tahajia ya Kiswahili na Majina ya Faili

Miongozo mingi ya mstari wa amri imeandikwa na watu ambao majina ya faili zao hayana ritifaa. Kwa Kiswahili, ritifaa ni sehemu ya tahajia sanifu: ndiyo inayotofautisha nazali ya kaakaa laini katika “ng'ombe” na mfuatano wa nazali na kipasuo katika “ngoma”. Tofauti hii ni ya kifonimu, kama inavyoonekana katika jozi “ng'oa”, yaani kutoa kitu kilichoota, na “ngoa”, yaani wivu au tamaa. Katika mstari wa amri, hata hivyo, alama hiyohiyo ni kifungua na kifunga cha nukuu. Hapo mifumo miwili ya maandishi hugongana.

Mgongano huo huonekana wazi katika amri ambayo bado hupatikana katika miongozo mingi:

find . -type f -mtime -1 | xargs tar -cf leo.tar

Zana ya xargs hupokea orodha ya majina na kuyakabidhi kwa tar. Kwa kawaida hulichukulia pengo kuwa ni mpaka wa jina, na ritifaa kuwa ni nukuu. Faili iitwayo “Mahojiano ya Lamu 3.wav” itakatwa vipande vinne, na tar italalamika kwamba haikuona faili hata moja kati ya hivyo. Faili iitwayo “ng'ombe.txt” itaisimamisha xargs kwa ujumbe kwamba nukuu iliyofunguliwa haikufungwa. Faili iitwayo “ng'ombe na ng'ambo.txt” ina ritifaa mbili, kwa hiyo nukuu inafunguliwa na kufungwa, xargs haisimami, bali inaziondoa alama zote mbili na kuitafuta faili iitwayo “ngombe na ngambo.txt”, ambayo haipo. Zana imebadili tahajia, na kwa kufanya hivyo imebadili fonimu.

Kosa la pili la amri hii limejificha zaidi. Orodha ikiwa ndefu kupita kikomo cha xargs, ambacho katika toleo la GNU kwa kawaida ni kilobaiti 128, huigawa na kuiita tar mara kadhaa. Kwa majina yenye wastani wa herufi 60, mgawanyo huo hutokea baada ya takriban faili elfu mbili. Kila mara tar inapoitwa kwa agizo la “-c” huanza kifurushi upya na kufuta kilichokuwapo. Mwishoni hubaki fungu la mwisho tu. Kifurushi hufunguka vizuri, hakina dosari, na hakina sehemu kubwa ya data.

Njia iliyooneshwa katika sehemu ya tatu huepuka makosa yote mawili. Kwa “-print0”, find hutenganisha majina kwa baiti yenye thamani ya sifuri, ambayo pamoja na mkwaju ndizo pekee zisizoruhusiwa ndani ya jina la faili katika Unix. Kwa “--null -T -”, tar husoma orodha hiyo moja kwa moja na kuitwa mara moja tu. Majina hufika kama yalivyoandikwa, yawe na mapengo, ritifaa au herufi za Kiarabu.

Kuna jambo la ziada kuhusu ritifaa. Programu za uandishi hubadili alama iliyonyooka, yenye msimbo U+0027, kuwa alama iliyopinda, yenye msimbo U+2019. Kwa jicho la msomaji, “ng'ombe.txt” na “ng’ombe.txt” ni jina moja, kwa kompyuta ni mawili, la kwanza likitumia baiti moja kwa ritifaa na la pili likitumia tatu katika UTF-8. Saraka moja inaweza kubeba faili zote mbili, kila moja na historia yake ya mabadiliko, na mtafiti akahariri moja huku akiamini kwamba nyingine ndiyo iliyonakiliwa. Ushauri wa kutumia herufi, tarakimu na kistari pekee katika majina ya faili mpya ni wa busara, huku jina kamili lenye tahajia sanifu likiwekwa katika jedwali la maelezo ya data. Lakini majina ya faili ambazo zimekwisha kutajwa katika tasnifu na makala zilizochapishwa hayafai kubadilishwa, kwa kuwa jina hilo ndilo rejeleo. Zana ndiyo inayopaswa kuitii tahajia.

6.0 Nakala Kamili, za Nyongeza na Limbikizi

Kifurushi cha mabadiliko hakina maana peke yake. Kama ilivyo kwa mswada wenye masahihisho ya pambizoni, masahihisho huhitaji matini ya msingi. Kuna njia mbili za kuyahusisha. Katika nakala za nyongeza, kila kifurushi hubeba yaliyobadilika tangu kifurushi kilichotangulia. Katika nakala limbikizi, kila kifurushi hubeba yote yaliyobadilika tangu nakala kamili.

Ichukuliwe data ya gigabaiti 40 ambamo megabaiti 200 za faili tofauti hubadilika kila siku, na nakala kamili hutengenezwa siku ya kwanza ya juma. Kunakili kila kitu kila siku kungechukua gigabaiti 280 kwa juma. Kwa nyongeza sita za megabaiti 200, jumla ni gigabaiti 41.2. Kwa nakala limbikizi, vifurushi vitakuwa vya megabaiti 200, 400, 600, 800, 1,000 na 1,200, na jumla ni gigabaiti 44.2. Nyongeza ni nafuu zaidi, lakini urejeshaji wake unahitaji vifurushi vyote saba kwa mfuatano. Kimoja cha katikati kikiharibika, yaliyokuwamo hupotea. Nakala limbikizi zinahitaji vifurushi viwili tu, cha msingi na cha mwisho. Kwa mtafiti mmoja mwenye diski ya kutosha, tofauti ya gigabaiti tatu ni bei ndogo ya usalama. Katika amri ya sehemu ya nne, nakala limbikizi hupatikana kwa kutoibadili alama hadi nakala kamili inayofuata.

7.0 Yaliyofutwa na Yasiyoguswa

Njia ya find haioni kutokuwapo. Faili iliyofutwa Jumatano haitajwi popote katika kifurushi cha Jumatano. Data ikirejeshwa, faili hiyo hufufuka. Kwa kongoo hili ni tatizo la kitaaluma, kwani matini iliyoondolewa kwa sababu mtoa taarifa alibatilisha ridhaa yake inaweza kurudi bila mtu kugundua. Toleo la GNU la tar lina njia ya kulishughulikia:

tar -czf akiba/kamili.tar.gz --listed-incremental=akiba/orodha.snar matini sauti

Mara ya kwanza amri hii hutengeneza nakala kamili na kuandika orodha ya hali ya saraka. Ikirudiwa kwa jina jipya la kifurushi na orodha ileile, huchukua mabadiliko tu, na hurekodi majina yote yaliyokuwamo katika kila saraka wakati huo. Katika kurejesha, vifurushi hufunguliwa kwa mfuatano kwa kutaja “--listed-incremental=/dev/null”, na tar huondoa faili ambazo hazikuwapo wakati wa nakala. Kwa sababu hiyo, urejeshaji wa namna hii ufanyike katika saraka tupu, kamwe si juu ya kazi inayoendelea. Matoleo ya tar yanayokuja na macOS na Windows hayana agizo hili.

Hatari ya upande wa pili ni kudhani kwamba faili isiyobadilika haina thamani. Masharti yaleyale ya wakati yanayotumika kuchagua faili za kunakili hutumika pia kuchagua faili za kufuta. Mwezi Desemba 2021, katika mfumo wa kompyuta kubwa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, programu ya nakala akiba ilikuwa na hatua ya kufuta kumbukumbu za utendaji zilizozidi siku kumi. Programu hiyo ilibadilishwa na toleo jipya wakati ile ya zamani ikiwa bado inafanya kazi. Kigezo kilichopaswa kutaja saraka kikawa hakina thamani, na sharti la siku kumi likaelekezwa kwenye data za watafiti. Takriban terabaiti 77, yaani faili zipatazo milioni 34 za vikundi 14 vya utafiti, zilifutwa, na data za vikundi vinne hazikuweza kurejeshwa. Zilizofutwa zilikuwa ni zile ambazo hazikuguswa tangu tarehe 3 Desemba.

Katika taaluma za lugha na fasihi, zisizoguswa ndizo mara nyingi zenye thamani kubwa. Picha ya mswada hupigwa mara moja. Rekodi ya uwandani haihaririwi. Kwa hiyo ratiba ya nakala za mabadiliko lazima iambatane na nakala kamili mpya kwa vipindi maalumu, kwa mfano kila mwezi, na nakala kamili ya zamani isifutwe kabla ile mpya haijathibitishwa.

8.0 Uthibitishaji na Urejeshaji

Kifurushi ambacho hakijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Hatua ya chini kabisa ni kuorodhesha yaliyomo kwa “tar -tzf”, kisha kulinganisha na diski kwa “tar --compare”, ambayo hutaja kila faili inayotofautiana na ile iliyomo katika kifurushi. Katika toleo la GNU, tar humaliza kazi kwa kutoa namba: 0 ni salama, 1 ni kwamba baadhi ya faili zilitofautiana au zilibadilika wakati zinasomwa, na 2 ni kosa kubwa. Kwa utunzaji wa muda mrefu, sha256sum hutoa alama ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 64 kwa kila kifurushi. Biti moja ikibadilika, alama hubadilika. Jaribio kamili ni kurejesha data katika kompyuta nyingine na kuifungua, walau mara moja kwa muhula.

Mahali pa kuweka vifurushi pana kanuni yake. Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Flashi nyingi huja zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili inayozidi gigabaiti nne. Kifurushi kikubwa kitakatika, hivyo ni heri kutengeneza vifurushi vidogo kwa kila saraka. Udogo huo una faida ya pili: kifurushi kilichobanwa kikiharibika katikati, yaliyo baada ya dosari huwa vigumu kuokoa. Mwisho, data zenye sauti na majina ya watu zifungwe kwa nywila, kwa mfano kwa gpg, kabla ya kutoka mikononi mwa mtafiti, kwa kuwa ridhaa ya mtoa taarifa inahusu nakala zote.

9.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba kutengeneza nakala akiba za faili zilizobadilika karibuni ni suala la maana kabla ya kuwa suala la amri. “Karibuni” ya mtafiti ni siku. Ya find ni saa 24 kutoka dakika ya amri. “Ng'ombe” ya mtafiti ni neno. Ya xargs ni nukuu isiyofungwa. “Mabadiliko” ya mtafiti yanajumuisha kufuta. Ya orodha ya wakati hayajumuishi. Kila tofauti kati ya hizi huzaa upotevu usio na kelele, unaogunduliwa siku ambayo nakala inahitajika. Tofauti zote zina suluhisho: faili ya alama badala ya hesabu ya siku, utenganishaji wa majina kwa baiti sifuri, orodha ya saraka, na jaribio la kurejesha.

Idara za Kiswahili zinazofundisha mbinu za utafiti zina nafasi ya kuyaingiza haya katika mafunzo ya uwandani, sambamba na mafunzo ya kuhoji na kunukuu, na kuyafundisha kwa Kiswahili. Mwanafunzi aelewe kwa lugha yake kile ambacho amri inafanya, ndipo ataweza kutambua pale ambapo amri haifanyi alichokikusudia.